SUV ya kifahari yenye chesisi ya lori inarusha vichwa kwenye viraka: shokapu, matairi, au ndivyo zilivyo?

#1 Nusu Tanki
Wakuu, salaam. Nina SUV kubwa ya kifahari, ya zile zenye mwili uliokalishwa juu ya chesisi kamili (fremu ya chuma kama ya lori), na nyuma ina ekseli moja iliyonyooka, yaani mhimili mmoja unaounganisha magurudumu yote mawili. Jina la kampuni silitaji, maana nikilitaja tu uzi unageuka vita vya mashabiki. Ndani kuna ngozi na mbao, mlango ukifungwa kimya kabisa. Ila nikikanyaga lami yenye viraka, abiria wanachezeshwa vichwa kushoto kulia. Matuta makubwa haina shida nayo, inapanda na kushuka kistaarabu. Inaudhi kwenye vitu vidogo: viungio vya madaraja, rasta, viraka vya upande mmoja. Sedani yetu ndogo ya nyumbani inapita hapohapo bila makelele.

Fundi wa kwanza anasema shokapu zote nne zimekufa. Wa pili anasema magari ya chesisi ndivyo yalivyo, nizoee. Nimsikilize nani?

#2 Rimu Kubwa
Zoea mkuu. Umenunua lori lenye viti vya ngozi.

#3 Bushi Mpya
Rimu Kubwa, tulia kidogo. Nusu Tanki, kabla hujanunua chochote tuambie: rimu inchi ngapi, matairi ya aina gani, upepo unajaza kiasi gani, na je, aliyekuwa nalo kabla yako aliliinua? Mengine yote ni ramli.

#4 Mzee Kipimo
Mtoa mada, tenganisha kwanza aina za mtikisiko. Iko mitatu, na kila mmoja una mwenyewe.

Wa kwanza ni mwili mzima wa gari kupanda na kushuka, taratibu, mara 1 hadi 1.5 kwa sekunde. Huo binadamu anauvumilia vizuri, na ndio unaousifia kwenye matuta. Wa pili ni gurudumu na ekseli kudunda huko chini peke yake, mara 10 hadi 15 kwa sekunde. Huo unausikia miguuni na kwenye usukani. Wa tatu ni kuyumbishwa pembeni, na hapo ndipo vichwa vinapochezeshwa.

Kiwango cha kimataifa cha ISO 2631, kinachohusu mitikisiko inayompata binadamu, kinaonyesha kwamba kwa wima mwili wetu unachukia zaidi mitikisiko ya mara 4 hadi 8 kwa sekunde. Kwa pembeni tunachukia ile ya polepole zaidi, mara 1 hadi 2. Kwa hiyo gari linaweza kuwa laini wima na bado likakuchosha kwa pembeni.

Sasa angalia ekseli iliyonyooka. Katikati imebeba difu (gia zinazogawa nguvu kwa magurudumu), kwenye ncha zimening'inia breki, rimu na matairi. Uzito wote huo uko chini ya springi, hakuna kinachoutuliza isipokuwa shokapu na tairi lenyewe. Tairi la kushoto likipanda kiraka, ekseli yote inainama, na la kulia linalazimika kushiriki jambo lisilolihusu. Shokapu mpya haibadilishi umbo hilo.

#5 Dada Usukani
Mwalimu kaingia darasani, tukae sawa 😂

Kwa upande wangu, naendesha gari la aina hiyo na watoto wako viti vya nyuma kabisa. Mimi mbele nasema barabara nzuri, wao kule nyuma wanalalamika. Siku niliyokaa mimi kule nikawaelewa. Mlalamikaji wako anakaa wapi, Nusu Tanki?

#6 Mzee Kipimo
Dada Usukani umegusa penyewe. Safu ya tatu iko juu ya ekseli ya nyuma au nyuma yake kabisa. Aliyekaa katikati ya ekseli mbili anapata wastani wa mbele na nyuma, aliyekaa juu ya ekseli anapata pigo lote. Ndiyo maana safu ya pili ndiyo yenye raha.

#7 Kijiko cha Gia
Kama ni Lexus LX, usihangaike na shokapu. Ile inatumia mifuko ya upepo. Mifuko ikizeeka gari linakuwa gumu. Badilisha mifuko, kwisha habari.

#8 Torsheni
Hapana Kijiko cha Gia. LX 470 na LX 570 hazina mifuko ya upepo. Zina mfumo wa hidroliki unaoitwa AHC: mafuta yanasukumwa na pampu, na kila gurudumu lina tungi dogo la mviringo lenye naitrojeni upande mmoja wa utando na mafuta upande wa pili. Ile naitrojeni inafanya kazi pamoja na springi ya chuma. Mifuko ya upepo iko kwenye ndugu yake mdogo, GX 470 na GX 460, tena nyuma tu. Mbele ana springi za kawaida.

Naitrojeni hupungua kwa miaka kwa kupenya utando. Ikiisha, mafuta hayana pa kubonyea, na mafuta hayabonyei. Gari linakuwa gumu hata kama halivuji tone. Kipimo chake ni rahisi na hakihitaji mashine: liweke gari kwenye kimo cha juu, soma mafuta kwenye chombo chake, kisha lishushe kimo cha chini, soma tena. Matungi mapya yanatoa tofauti ya kama alama 14 kwenye chombo. Zikishuka chini ya 7, matungi yamechoka.

#9 Kijiko cha Gia
Sawa, nimekupata. Lakini kuna watu wanatoa mfumo wote huo wanafunga springi na shokapu za kawaida, wanasema wamepumzika.

#10 Torsheni
Wamepumzika na uvujaji. Wakikuambia limekuwa laini zaidi, omba upande nao safari moja. Ule mfumo unabadilisha ugumu wa shokapu wenyewe wakati gari linakwenda, ya kawaida itabaki na tabia moja tu.

#11 Nusu Tanki
Asanteni. Majibu ya Bushi Mpya haya hapa: rimu inchi 20. Matairi ni ya jangwa na matope, ubavuni yameandikwa LT mwanzoni mwa saizi, na kuna herufi E. Upepo psi 50, kibandiko cha mlangoni kinasema 35. Gari limeinuliwa, springi ni za njano, hazifanani na picha za gari likiwa jipya. Hakuna hidroliki wala mifuko, ni springi na shokapu za kawaida. Mlalamikaji mkuu ni mama mkwe, na anakaa nyuma kabisa.

#12 Rimu Kubwa
Kama mama mkwe anakaa nyuma kabisa basi gari ni zima. Usiguse kitu.

#13 Bushi Mpya
Haya, kesi imefunguka. Tairi la LT lenye E limetengenezwa kubeba mzigo wa lori, linaweza kujazwa hadi psi 80. Ubavu wake ni mnene na mgumu, halafu lenyewe ni zito kuliko tairi la gari la abiria la saizi hiyohiyo. Kwa hiyo umeongeza uzito kwenye ile ekseli aliyoisema Mzee #4, na hapohapo umeondoa ulaini wa tairi. Viraka vidogo kazi ya kuvimeza ni ya tairi kabla springi hata haijasikia habari. Shusha upepo hadi 35 ya mlangoni, utaniambia.

#14 Mzee Kipimo
Bushi Mpya, hapo kwenye 35 nakupinga. Kibandiko cha mlangoni kimeandikwa kwa ajili ya tairi lililotoka na gari, na kwa SUV nyingi za kifahari hilo ni la abiria. Tairi la LT la saizi ileile, kwa psi 35, linabeba mzigo mdogo kuliko la abiria kwa psi 35. Lazima upepo uwe juu kidogo ili libebe sawa. Tena tairi la abiria likifungwa kwenye SUV au lori, uwezo wake hugawanywa kwa 1.10 kwanza, ndipo ulinganishe. Jibu linatoka kwenye jedwali la mzigo la mtengenezaji wa tairi. Yawezekana 50 ni nyingi mno kwa gari tupu, lakini 35 si ya kurukia.

Na upepo mdogo kwenye SUV ndefu na nzito si mchezo. Wakubwa wanakumbuka mwaka 2000, matairi ya Firestone yaliyokuwa kwenye Ford Explorer. Ford ilipendekeza psi 26, moja ya sababu ikiwa ni starehe na tabia ya gari. Yalirudishwa matairi karibu milioni 6.5. Kulikuwa na kasoro za tairi lenyewe, joto, mzigo na mwendo, kila upande ukamrushia mwenzake lawama. Upepo ulikuwa ndani ya ule ugomvi.

#15 Bushi Mpya
Sawa, jedwali. Ila hoja inabaki: hayo matairi si ya lami. Mama mkwe haendi jangwani.

#16 Sauti ya Chini
Mbona hakuna anayesema rimu? Chukua saizi mbili ambazo Toyota na Lexus wametumia kwenye chesisi ya familia moja: 285/60R18 na 285/50R20. Upana sawa, kimo kizima cha gurudumu karibu sawa, milimita 799 na 793. Lakini ubavu wa mpira ni mm 171 kwenye rimu ya 18 na mm 142 na nusu kwenye rimu ya 20. Karibu sentimita tatu za mpira zimegeuzwa kuwa chuma, kila gurudumu. Halafu mtu anauliza kwa nini kiraka kinamfikia kiunoni. Cadillac Escalade ya sasa inatoka na 22, wahandisi wanahangaika na shokapu za sumaku ili kurudisha kile ambacho wabunifu wa urembo walikichukua.

#17 Rimu Kubwa
Jina langu limeshambuliwa bila kutajwa.

#18 Kijiko cha Gia
Sauti ya Chini, Escalade nayo ni ekseli iliyonyooka nyuma, sumaku au hakuna sumaku. Ndiyo maana inarusha.

#19 Torsheni
Ilikuwa. Toleo la 2021 kila gurudumu la nyuma linajitegemea, na mifuko ya upepo inapatikana. Lincoln Navigator walihama zamani, toleo la 2003. Infiniti QX56 tangu ya kwanza ya 2004 nyuma magurudumu yanajitegemea, na ilipohamia chesisi ya Nissan Patrol ukapatikana mfumo wa kuunganisha shokapu za kushoto na kulia kwa mabomba ya hidroliki, na zenye mfumo huo hazina kabisa vyuma vya stabilaiza. LX 600 ndiyo bado ina ekseli iliyonyooka nyuma, na Mercedes G nayo, ingawa mbele G ilibadilika mwaka 2018. Kwa hiyo "ya chesisi" si lazima iwe "ya ekseli iliyonyooka". Fundi wa pili wa Nusu Tanki amechanganya mambo mawili.

#20 Dada Usukani
Na Range Rover je? Ile hairushi.

#21 Torsheni
Range Rover iliachana na chesisi tofauti ilipokuja toleo la tatu, 2002. Si mwenzetu tena, usituletee wivu humu.

#22 Mtaalamu Njaa
Torsheni umetaja stabilaiza ukapita, nami naona ndiyo mchawi mwenyewe. Kile chuma kinaunganisha gurudumu la kushoto na la kulia ili gari lisilale kwenye kona. SUV ndefu zinafungwa kinene. Tatizo ni kwamba kiraka cha upande mmoja kinasafiri kupitia chuma hicho hadi upande wa pili, mwili unapigwa teke pembeni. Hicho ndicho kilio cha #1 neno kwa neno. Toyota waliliona, wakaweka KDSS kwenye Land Cruiser 200 na Lexus GX: stabilaiza zina silinda za hidroliki zilizounganishwa mbele na nyuma, kwenye kona zinakaza, kwenye mashimo zinalegea.

Mtoa mada chungulia kama mwenye gari wa zamani hakuongeza stabilaiza nene. Walioinua magari mara nyingi huongeza.

#23 Mzee Kipimo
Mtaalamu Njaa una hoja, lakini springi za njano zinanisumbua zaidi. Springi za kuinulia huuzwa kwa kiwango cha mzigo: gari tupu, gari lenye winchi na bampa la chuma, gari lililojaa siku zote. Kama hizo ni za mzigo mzito na gari linatembea tupu, hesabu inakuwa hivi. Springi ikibonyezwa na uzito wa gari mm 250, mwili unapanda na kushuka mara 1 kwa sekunde. Ikibonyea mm 110, mara 1.5. Ikibonyea mm 62 tu, mara 2, na unaanza kusogelea eneo linalouma. Ndiyo sababu malori matupu yanarusha na yakishiba yanatulia.

Tena kuna uwiano wa mbele na nyuma. Maurice Olley, mhandisi aliyefanya kazi General Motors miaka ya 1930, alionyesha kwamba mbele panatakiwa pawe laini kidogo kuliko nyuma. Tuta linafika mbele kwanza. Nyuma ikiyumba kwa haraka kidogo inaiwahi mbele, zinatulia pamoja. Ukifunga springi ngumu mbele kwa sababu ya bampa ambalo huna, uwiano unageuka, gari linapiga kichwa kama mtumbwi.

#24 Nusu Tanki
Mzee, lakini kwenye matuta nimesema linatulia. Springi zingekuwa ngumu kiasi hicho si ningeona kwenye matuta?

#25 Mzee Kipimo
Swali zuri. Matuta unayapita polepole na magurudumu mawili kwa pamoja. Jaribu barabara yenye mawimbi marefu kwa mwendo wa safari, hapo springi zitasema.

#26 Bushi Mpya
Au swali hilo linaua hoja ya springi na kuturudisha kwenye matairi 😀

Shokapu zenyewe pia hakuna aliyezipima hadi sasa, ni kuzituhumu tu. Ile ya kubonyeza kona ya gari kwa mikono haifai kwa gari zito. Fanya hivi: pita barabara mbaya kwa muda wa kutosha, simama, gusa mwili wa kila shokapu kwa tahadhari, au tumia kipima joto cha mwanga. Shokapu inayofanya kazi hupata moto, kwa sababu kazi yake ni kugeuza mtikisiko kuwa joto. Ukikuta tatu za moto na moja baridi, hiyo baridi ni maiti. Zikiwa zote za moto na joto linakaribiana, fundi wa kwanza anataka tu kukuuzia.

#27 Kijiko cha Gia
Mimi baada ya kubadilisha bushi (mipira ya kwenye viungio) za mikono ya mbele gari likawa gumu kuliko mwanzo. Bushi mpya, za mpira, za kampuni inayoeleweka. Hadi leo sijui kwa nini.

#28 Bushi Mpya
Fundi alikaza bolti gari likiwa juu ya jeki?

#29 Kijiko cha Gia
Ndiyo, angekaza wapi tena?

#30 Bushi Mpya
Chini, gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake. Bushi ya mpira imegandishwa kwenye bomba la chuma la ndani na la nje, haizunguki, inajipinda. Ukikaza magurudumu yakining'inia, bomba la ndani linashikwa katika mkao huo. Ukishusha jeki, mpira umeshapindika kabla gari halijaenda popote. Unakuwa umeongeza springi usiyoitaka, na bushi inachanika mapema. Legeza bolti zote, lishushe, lisukume mbele na nyuma kidogo, kaza tena. Na atakayekushauri bushi za plastiki ngumu ili zidumu, muage.

#31 Mtaalamu Njaa
Hiyo peke yake ingetosha kuwa uzi. Nusu Tanki, uliza aliyeinua gari lako alikaza wapi.

#32 Sauti ya Chini
Kuna bushi nyingine mnazisahau, zile kubwa kati ya mwili na chesisi. Zikibonyea kwa uzee, baada ya pigo unasikia mtetemo mfupi mwilini, dashibodi inaguna, kioo cha nyuma kinacheza. Mulika tochi kando ya chesisi: ukiona mpira umepasuka au umefura pembeni, umepata. Kwa sedani nyingi jambo hilo halipo, mwili na chesisi ni kitu kimoja.

#33 Nusu Tanki
Kioo cha nyuma kinacheza kweli, nilidhani ni kioo. Mikakati yangu: kwanza kipimo cha joto cha Bushi Mpya, kisha kulegeza na kukaza bolti gari likiwa chini, kisha rimu za 18 na matairi ya lami ya kiwango kinachotakiwa. Springi za njano zisubiri. Rimu za 18 zitaingia?

#34 Mzee Kipimo
Ningeanza na springi, lakini gari ni lako.

#35 Sauti ya Chini
Usinunue kwa inchi peke yake. Rimu mbili za 18 zinaweza kutofautiana umbo la ndani, moja ikapita kwenye kaliperi ya breki, nyingine ikakwaruza. Azima moja, ifunge mbele, izungushe kwa mkono. Na angalia kipimo cha kuzama kwa rimu, usiitoe nje ya fenda.

#36 Rimu Kubwa
Hizo za 20 usizitupe mkuu, nitumie ujumbe. Mimi mtikisiko siusikii, muziki uko juu.

#37 Bushi Mpya
Rimu Kubwa, zizungushe kwanza kwenye mashine. Gari lililopigishwa viraka na psi 50 muda wote huo, sishangai moja ikiwa imepinda ukingo wa ndani. Na kama imepinda, Nusu Tanki, hapo tuna mchawi mwingine ambaye hakuna aliyemtaja tangu #1.